Utando Unaozunguka: Uchambuzi wa Mfumo wa Tando za Ndani ya Seli

Katika seli ya ini la mamalia, utando wa nje unaoitenga seli na jirani zake ni takribani asilimia 2 tu ya tando zote za seli hiyo. Zilizobaki zimo ndani. Karibu nusu ya jumla yote ni retikulamu endoplazimu, mtandao wa mirija na mifuko bapa ulioenea kuanzia kwenye kiini hadi pembezoni mwa seli. Sehemu nyingine ni Golgi, lisosomu, endosomu, utando wa kiini na vifuko vidogo vinavyopita katikati yake. Mitokondria nazo zina tando nyingi, lakini wanabiolojia huziweka kando, kwa sababu asili yake ni bakteria waliomezwa na seli za kale, na protini nyingi zinazozihitaji huzipokea moja kwa moja kutoka kwenye sitoplazimu. Kloroplasti za mimea ni hivyo hivyo. Mfumo wa tando za ndani unahusu zile oganeli ambazo ama zimeungana utando kwa utando, ama hupelekeana mizigo kwa vifuko.

Vitabu vya sekondari hueleza oganeli hizi moja moja: retikulamu hutengeneza, Golgi hufungasha, lisosomu humeng'enya. Orodha hiyo inatosha kwa mtihani, wala haina uongo. Kasoro yake ni kwamba inaonyesha safari ya kwenda mbele tu, na mwanafunzi hubaki na picha ya bidhaa inayopita mlango hadi mlango mpaka ikatoka nje. Utafiti wa miongo saba iliyopita umeonyesha kwamba karibu kila safari ya kwenda ina safari yake ya kurudi, na kwamba kurudi huko ndiko kunakozifanya oganeli zibaki na sura na kazi zake. Safari ya kurudi ikikatwa, oganeli yenyewe inaweza kutoweka.

Kuna jambo moja la maumbo linalorahisisha kuelewa mengine yote. Kila utando wa mfumo huu una upande unaotazama sitoplazimu na upande unaotazama uwazi wa ndani ya mfuko. Kifuko kinapokatika kutoka oganeli moja na kuungana na nyingine, pande hizo mbili hazibadilishani nafasi. Kwa hiyo protini ikishaingia ndani ya retikulamu, haihitaji kuvuka utando tena ili itoke kwenye seli: hubebwa kutoka mfuko hadi mfuko, na mfuko wa mwisho hufungukia nje. Uvukaji mgumu hufanyika mara moja tu, mwanzoni.

Insulini, inayotengenezwa na seli beta za kongosho, inauonyesha uvukaji huo vizuri. Maelekezo ya kuitengeneza hutoka kwenye kiini yakiwa RNA mjumbe, kupitia matundu ya utando wa kiini. Utando huo una tabaka mbili, na tabaka la nje linaendelea kuwa retikulamu bila mpaka wowote. Kiini, kwa maana hiyo, kimefunikwa na retikulamu iliyojikunja. Ribosomu huanza kuisoma RNA ikiwa bado iko kwenye sitoplazimu. Mnyororo unaojengwa una amino asidi 110, na 24 za kwanza hazimo kwenye homoni itakayotumika mwilini. Kazi yake ni kuonyesha mahali pa kwenda. Zinapochomoza tu kutoka kwenye ribosomu, chembe iliyoundwa kwa protini 6 na kipande cha RNA huzishika, hupunguza kasi ya ujenzi na kuipeleka ribosomu hadi kwenye retikulamu. Hapo ribosomu hukaa juu ya mfereji wa protini uitwao Sec61, ujenzi unaendelea, na mnyororo unaingia ndani huku ukiwa bado haujakamilika. Kimeng'enya kilichopo upande wa ndani huzikata zile 24. Eneo lililojaa ribosomu za namna hii huonekana lina chembechembe kwenye hadubini ya elektroni, tofauti na retikulamu laini isiyo na ribosomu, ambayo hutengeneza mafuta na homoni za steroidi, huvunja sumu na dawa katika ini, na huhifadhi kalsiamu ya kukazia misuli.

Wazo kwamba protini hubeba kitambulisho chake yenyewe lilitolewa mwaka 1971 na Günter Blobel na David Sabatini, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, wakati ushahidi ulikuwa bado haba. Mwaka 1975 Blobel na Bernhard Dobberstein walilithibitisha nje ya seli kabisa: walitumia RNA ya panya na tando zilizotolewa kwenye kongosho la mbwa, na protini ikaingia ndani ya tando hizo na kukatwa kama inavyostahili. Tando zikiongezwa baada ya protini kukamilika, haiingii. Jaribio hilo lilionyesha mambo mawili kwa pamoja, kwamba kuingia kunategemea ujenzi unaoendelea, na kwamba kitambulisho hicho husomeka na wanyama wa aina tofauti. Blobel alipata Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1999.

Ndani ya retikulamu kazi kubwa ni kuukunja mnyororo upate umbo lake. Mazingira ya humo ni tofauti na ya sitoplazimu: kalsiamu ni nyingi, na kemia yake huruhusu viungo vya salfa kujifunga, kama vile viungo vitatu vinavyoishikilia insulini. Protini nyingi huvishwa pia mti wa sukari wenye vipande 14, ambavyo huanza kupunguzwa kimoja kimoja. Mti huo hutumika kama rekodi. Protini ambayo haijakunjika sawasawa hurudishiwa kipande cha glukosi kilichokuwa kimeondolewa, na kipande hicho huifanya ishikwe tena na protini walezi zinazosaidia kukunja. Inayozunguka hapo muda mrefu mno hukatwa sukari za aina nyingine, hutolewa kwenye sitoplazimu na kuvunjwavunjwa na proteasomu. Vitamini C huhitajika katika hatua hii kwa ajili ya kolajeni. Ikikosekana, nyuzi tatu za kolajeni hazishikamani imara, fizi huvuja damu na vidonda vya zamani hufumuka. Huo ndio ugonjwa wa kiseyeye, na chanzo chake kimo ndani ya retikulamu.

Ukaguzi huu ni mkali kiasi cha kudhuru. Protini iitwayo CFTR, yenye amino asidi 1,480, hupitisha kloridi kwenye utando wa seli za mapafu, utumbo na tezi. Wagonjwa wengi wa sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaowapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya, wana jeni inayokosa amino asidi moja tu, ile ya nafasi ya 508. Protini hiyo ikifika mahali pake huweza kufanya sehemu ya kazi. Haifiki, kwa sababu retikulamu huikamata na kuiharibu. Mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba seli zenye kasoro hiyo zikikuzwa kwenye joto la chini kuliko la mwili, karibu nyuzi 27, baadhi ya protini hujikunja vizuri zaidi, hupita ukaguzi na kuanza kupitisha kloridi kwenye utando wa nje. Dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 hufuata mantiki hiyo: viwili kati ya viambato vyake vitatu huisaidia protini kukunjika ili iruhusiwe kuondoka, na cha tatu huufungua mfereji ukishafika. Ni nadra kupata ugonjwa unaoonyesha wazi namna hii kwamba kosa linaweza kuwa la mahali protini ilipo kuliko la protini yenyewe.

Protini zisizokunjika zikizidi, retikulamu hutuma taarifa kwenye kiini. Kazutoshi Mori huko Japani na Peter Walter huko California, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwenye hamira kwamba protini ya utando wa retikulamu iitwayo Ire1 huhisi msongamano na kuukata ujumbe wa RNA, nao huungwa upya, kisha kiini huagiza protini walezi zaidi na utando zaidi. Kwa mamalia njia za kutuma taarifa hiyo ni tatu. Msongamano usipoisha, seli hujiua. Watoto wachache huzaliwa na jeni ya insulini yenye kasoro inayozuia kukunjika, na seli zao beta huharibika kwa njia hiyo. Kisukari chao huanza katika miezi ya kwanza ya maisha.

Protini iliyopita ukaguzi huondoka kwenye sehemu maalumu za retikulamu, ambapo koti la protini liitwalo COPII huukunja utando kuwa kifuko chenye kipenyo cha nanomita 60 hadi 100. Kolajeni changa, yenye urefu wa takribani nanomita 300, haiingii kwenye kifuko cha kipimo hicho, kwa hiyo huhitaji protini za ziada zinazopanua njia. Pamoja na mizigo halali huponyoka vitu vingine, wakiwemo protini walezi ambao kazi yao ni kubaki. Kuwazuia wote kabisa kungehitaji mlango unaomkagua kila apitaye. Seli ina njia nyepesi zaidi. Mwaka 1987 Sean Munro na Hugh Pelham, wakiwa Cambridge, walionyesha kwamba wakazi wa retikulamu wana herufi nne za amino asidi mwishoni, KDEL. Kipokezi kinachozitambua herufi hizo huwashika waliofika Golgi, ambako uchachu umeongezeka kidogo, na koti jingine liitwalo COPI huwarudisha. Kwenye retikulamu uchachu hushuka na kipokezi huachia mzigo. Tofauti ndogo ya pH kati ya vyumba viwili inatosha kuamua upande gani mzigo ushikwe na upande gani uachwe, na kanuni hiyo hiyo inaonekana tena na tena katika mfumo mzima.

Golgi ilionekana mapema kuliko ilivyoaminika. Camillo Golgi aliieleza mwaka 1898 katika chuo kikuu cha Pavia, Italia, baada ya kuzitia madini ya fedha seli za ubongo wa bundi na kuona wavu mweusi karibu na kiini. Kwa zaidi ya nusu karne wengi walidai kwamba wavu huo ni uchafu wa rangi tu. Hadubini ya elektroni ilimaliza ubishi katika miaka ya 1950: ni mifuko bapa iliyorundikwa kama chapati, mara nyingi minne hadi minane katika mrundo, na upande mmoja hutazama retikulamu huku mwingine ukitazama utando wa seli. Vimeng'enya vya kupunguza na kuongeza sukari vimepangwa kwa mfuatano kutoka upande mmoja hadi mwingine, kwa hiyo protini hupambwa hatua kwa hatua.

Mwelekeo wa safari ulithibitishwa na George Palade na James Jamieson, ambao mwaka 1967 walichapisha majaribio yanayostahili kuelezwa kwa kirefu. Walichukua vipande vyembamba vya kongosho la simbilisi, wakavitumbukiza kwa dakika 3 katika lusini yenye mionzi, kisha wakaviosha na kuvipa lusini ya kawaida. Protini zilizojengwa katika dakika hizo 3 tu ndizo zilizokuwa na alama. Vipande viliondolewa kwa nyakati tofauti, vikagandishwa kikemikali na kufunikwa filamu inayoacha doa jeusi pale penye mionzi. Mwanzoni madoa yalikuwa juu ya retikulamu. Baada ya dakika 7 zaidi yalikuwa kwenye vifuko vya pembezoni mwa Golgi. Baada ya dakika 37 kwenye mifuko inayokoleza mzigo. Na baada ya dakika 117 kwenye chembe za kuhifadhia vimeng'enya na katika mfereji wa nje. Muda wa safari ukajulikana, na vituo vyake pia. Palade alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974 na Albert Claude na Christian de Duve.

Kilichobaki ni swali la jinsi mzigo unavyouvuka mrundo wenyewe. Je, mifuko ya Golgi hukaa palepale na vifuko vidogo hubeba mzigo kutoka mmoja hadi mwingine, au mfuko mzima husogea na kukomaa pamoja na mzigo uliomo? Mwaka 2006 maabara mbili, moja Chicago na nyingine Japani, zilitazama hamira hai ambamo protini za mwanzo wa Golgi na za mwisho wake zilitiwa rangi tofauti zinazong'aa. Hamira ilifaa kwa sababu mifuko yake ya Golgi haijarundikana. Kila mmoja huonekana peke yake. Mfuko uliokuwa na rangi ya mwanzo uliipoteza ndani ya dakika chache na kuchukua rangi ya mwisho. Kwa hiyo mfuko hukomaa, na vimeng'enya ndivyo vinavyorudishwa nyuma kwa vifuko vya COPI kwenda kwenye mifuko michanga. Wataalamu bado wanabishana ni kwa kiwango gani mamalia hutumia pia vifuko vya kwenda mbele, lakini wazo la Golgi kama jengo la kudumu limekuwa gumu kulitetea.

Ushahidi wenye nguvu zaidi dhidi ya wazo hilo ulitoka kwa kemikali ya kuvu iitwayo brefeldini A. Huzuia koti la COPI kujifunga kwenye utando. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jennifer Lippincott-Schwartz na wenzake nchini Marekani waliiweka kwenye seli na kuona Golgi ikitoa mirija mirefu, na ndani ya dakika chache vimeng'enya vyake vyote vikawa vimesambaa kwenye retikulamu. Golgi haikuwepo tena. Kemikali ilipooshwa, ilijijenga upya. Oganeli iliyokuwa imechorwa vitabuni kama kitu thabiti ilionekana kuwa hali inayodumishwa na usafiri unaosawazishwa, na uwiano ukivurugika, hali hiyo huisha.

Upande wa mwisho wa Golgi ndipo mizigo inapotengana. Baadhi huondoka moja kwa moja kwenda kwenye utando wa nje, bila kusubiri amri. Proinsulini, yaani mnyororo uliobaki baada ya zile 24 kukatwa, wenye amino asidi 86, huingia kwenye vifuko vinavyosubiri. Humo uchachu huongezeka, vimeng'enya huamka na kukata kipande cha katikati chenye amino asidi 31, na insulini inayobaki hujikusanya sita sita kuzunguka zinki hadi kuwa fuwele. Glukosi ya damu ikipanda, ATP ya seli huongezeka, mifereji ya potasiamu hufunga, kalsiamu huingia, na vifuko huungana na utando. Kile kipande kilichokatwa, kiitwacho C-peptidi, hutoka kwa idadi sawa na insulini. Ndiyo maana daktari anayetaka kujua kama mgonjwa anayejidunga insulini bado anatengeneza yake hupima C-peptidi: insulini ya sindano haina.

Njia ya tatu huelekea kwenye lisosomu. De Duve, akiwa Leuven, Ubelgiji, aliigundua oganeli hii bila kuiona, kwa hesabu za vimeng'enya vya ini la panya, na kuipa jina mwaka 1955. Ina takribani vimeng'enya 60 vinavyovunja karibu kila kitu kilicho hai, navyo hufanya kazi kwenye uchachu wa pH karibu 4.5 hadi 5. Vikivuja kidogo kwenye sitoplazimu, yenye pH ya takribani 7.2, nguvu yake hupungua sana. Vimeng'enya hivi huingia kwenye retikulamu kama insulini, lakini Golgi huviwekea alama ya manosi-6-fosfati. Kipokezi huvishika, huvipeleka kwenye endosomu, kituo cha kabla ya lisosomu, huviachia kwa sababu ya uchachu wa humo, kisha hurudi Golgi kubeba vingine.

Alama hiyo ilifahamika kwa njia ya wagonjwa. Mwaka 1968 Elizabeth Neufeld na wenzake, katika taasisi za afya za taifa za Marekani, walichukua seli za ngozi za wagonjwa wa magonjwa mawili tofauti ya lisosomu, Hurler na Hunter. Kila aina peke yake ilijaa takataka za sukari. Zilipokuzwa katika sahani moja, zote mbili zilisafika. Kila moja ilivujisha nje kimeng'enya ambacho mwenzake hakuwa nacho, na mwenzake akakichukua. Baadaye iligunduliwa kwamba katika ugonjwa mwingine, uitwao ugonjwa wa seli-I, kimeng'enya cha kuweka alama chenyewe hakipo: vimeng'enya vya lisosomu hutengenezwa vizuri, kisha hutupwa kwenye damu kwa kukosa alama, na lisosomu hujaa vitu visivyovunjika. Tiba nyingi za leo za kumdunga mgonjwa kimeng'enya, kwa mfano katika ugonjwa wa Pompe, zinategemea kwamba baadhi ya vipokezi vya manosi-6-fosfati hufika kwenye utando wa nje na huweza kuokota kimeng'enya kilichomo kwenye damu. Kwa kawaida haziwezi kusaidia ubongo, kwa sababu vimeng'enya hivyo havivuki kizuizi kati ya damu na ubongo.

Kifuko kikishafika kinapaswa kuungana na utando sahihi na si mwingine. Randy Schekman na Peter Novick, huko Berkeley, walitafuta jeni za kazi hiyo kwa werevu mwepesi. Walidhani kwamba hamira iliyoziba njia ya kutoa protini ingeendelea kutengeneza vitu bila kupanuka, kwa hiyo ingekuwa nzito kuliko nyingine, na mashine ya kuzungusha kwa kasi ingeitenga. Ilikuwa hivyo. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na makundi 23 ya jeni. Zikiharibika, vifuko au mifuko ya retikulamu hurundikana mahali palepale ambapo njia imeziba. James Rothman alifuata njia ya kikemia: alichanganya Golgi za seli zilizotofautiana na kupima kama mzigo umehama, hadi akazitoa protini zinazohusika. Mwaka 1993 kundi lake lilieleza protini za SNARE, moja kwenye kifuko na nyingine kwenye utando unaolengwa, ambazo hujisokota pamoja na kuzivuta tando mbili hadi ziungane. Protini ndogo za kundi la Rab, ambazo kwa binadamu zinazidi 60, hutangulia kutambulisha kila oganeli. Thomas Südhof alionyesha jinsi kalsiamu inavyoamuru muungano huo kwenye neva. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2013. Sumu ya pepopunda hufanya kazi hapa hapa: huikata SNARE ya vifuko vya neva zinazotuliza misuli, na misuli iliyokosa wa kuituliza hukaza.

Utando unaoongezwa nje kwa kila kifuko lazima urudi, la sivyo seli ingepanuka bila kikomo. Kurudi huko kunaonekana wazi kwa kolesteroli. Michael Brown na Joseph Goldstein, huko Dallas, walionyesha kwamba kipokezi cha LDL, chembe inayobeba kolesteroli kwenye damu, hukusanyika kwenye vishimo vilivyofunikwa koti la protini liitwalo klathrini, humezwa, huiachia LDL ndani ya endosomu yenye uchachu, na hurudi juu. Mzunguko mzima huchukua kama dakika 10. LDL huendelea hadi lisosomu, kolesteroli yake huachiliwa, na retikulamu, ambayo hupima kolesteroli ndani ya utando wake, hupunguza utengenezaji wa ile ya nyumbani. Hapo ncha mbili za mfumo zinazungumza: kinacholiwa mwishoni huamua kinachotengenezwa mwanzoni.

Kipindupindu kinaitumia safari ya kurudi yote kwa ukamilifu. Sumu ya Vibrio cholerae hujishika kwenye mafuta ya utando wa seli za utumbo, humezwa, hupita endosomu na Golgi na kufika kwenye retikulamu. Sehemu yake moja ina herufi zile zile za KDEL, zinazosaidia kuirejesha huko. Ndani ya retikulamu kipande kinachodhuru hufunguka kama protini iliyoharibika, na mashine ya kutupa protini mbovu hukitoa kwenye sitoplazimu. Lakini hujikunja haraka na kuponyoka proteasomu. Kisha huwasha mfululizo unaoifungua CFTR, kloridi humwagika kwenye utumbo na maji hufuata. Ile ile CFTR ambayo katika sistiki faibrosisi haitoki kwenye retikulamu ndiyo inayoachwa wazi katika kipindupindu.

Uchachu wa vyumba vya mwisho huleta matokeo mengine. Klorokwini, dawa ya malaria, ni besi dhaifu: huvuka utando ikiwa haina chaji, hupata chaji kwenye uchachu na kushindwa kutoka. Katika vakuoli ya kumeng'enyea ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hukusanyika kwa wingi na kuzuia vimelea kuigeuza hemu ya damu kuwa fuwele isiyo na madhara. Usugu ulitokana na mabadiliko ya protini ya utando wa vakuoli hiyo, PfCRT, iliyoanza kuitoa dawa nje. Kenya iliiacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001. Inafaa kukumbuka pia kwamba chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina retikulamu wala Golgi, kwa hiyo kimelea kinachoishi humo hulazimika kujijengea njia zake za kusafirisha protini.

Si kila kitu hupita kwa vifuko. Retikulamu hukaribiana na Golgi, endosomu, utando wa nje na hata mitokondria kwa umbali wa nanomita 10 hadi 30 bila kuungana, na protini maalumu huhamisha molekuli za mafuta na kolesteroli moja moja katika pengo hilo. Kwa mitokondria hii ndiyo njia kuu ya kupata mafuta kutoka retikulamu, kwani vifuko vyake havifiki huko. Seli yenye njaa nayo hujenga utando mpya kuzunguka oganeli zilizochakaa na kuzipeleka kwenye lisosomu. Yoshinori Ohsumi alizitambua jeni za kazi hiyo kwenye hamira katika miaka ya 1990 na kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016. Sehemu kubwa ya mafuta ya utando huo hutoka kwenye retikulamu, kupitia protini inayofanya kazi kama daraja.

Seli inapogawanyika, mfumo wote hurithiwa ukiwa tayari upo. Retikulamu haiwezi kuanzishwa kutoka sifuri, kwa sababu protini za kuingizia protini kwenye utando lazima ziwe tayari ndani ya utando. Kwa mamalia, utando wa kiini hunywea ndani ya retikulamu, Golgi huvunjika vipande vidogo, usafirishaji hupungua sana, kisha kila binti hupokea sehemu yake na kuijenga upya. Seli za mimea hufanya tofauti: zina mirundo mingi ya Golgi iliyotawanyika, nayo hubaki mizima wakati wa kugawanyika na kugawiwa pande mbili. Hamira huenda mbali zaidi, kwani hata utando wa kiini chake haufunguki. Hunyooka, hubanwa katikati na kugawanyika ukiwa na kila kilichomo ndani yake.